Ngoma ya Singeli na Safari Yake toka Uzaramo hata Mto Nile

Kisaki ni mji mdogo katika nchi ya Wakutu, chini ya milima ya Uluguru upande wa kusini, karibu na mto Mgeta. Waandishi wa historia huutaja kwa habari za safari na vita. Burton na Speke walipita katika nchi hiyo ya Ukutu mwaka 1857, wakifuata njia ya misafara iendayo Unyamwezi. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Afrika Kusini, yaliyokuwa upande wa Waingereza, yalipigana pale na majeshi ya Wajerumani, na kwa miezi kadha iliyofuata mto Mgeta ukawa kama mpaka wa majeshi hayo mawili. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hata 1975, nayo ikaweka stesheni Kisaki. Kwa muziki wa kompyuta mji huu hauna sifa yoyote. Lakini mtu atakaye kueleza jinsi ngoma ya singeli ya Dar es Salaam ilivyofika katika majukwaa ya lebo moja ya Kampala, na kutoka huko ikaenea Ulaya, atafanya vema kuanzia huku bara, maana watu walioizaa ngoma hiyo ni jamaa za Wakutu kwa lugha na kwa masimulizi ya asili yao.

Wataalamu wa lugha za Kibantu huziweka Kikutu, Kizaramo, Kikwere, Kikami na Kiluguru katika kundi moja, liitwalo kundi la Ruvu. Mzaramo na Mkutu husikilizana kwa taabu kidogo tu. Tena masimulizi ya Wazaramo humtaja Pazi Kilama, mwindaji aliyeshuka kutoka bara, upande wa Ukutu na Uluguru, akawasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba, na kwa wema huo Washomvi wakawa wakimlipa ushuru wa kila mwaka. Hadithi za namna hii hupenda kuukusanya uhamaji wa vizazi vingi katika mwili wa shujaa mmoja, wala sidai kwamba mambo yalikwenda vivyo hivyo. Hata hivyo ushahidi wa lugha hauipingi, na uhamaji wenyewe haukukoma. Katika zama za ukoloni Waluguru na jamaa zao waliendelea kushuka Dar es Salaam kutafuta kazi, wakapanga vyumba katika nyumba za Wazaramo, na baada ya Uhuru wakajaa Manzese, Tandale na Mburahati. Majina haya matatu msomaji atayakuta tena.

Jamaa hizi hufuata ukoo wa mama, nazo zina desturi ya kumweka ndani msichana aliyevunja ungo, aitwaye mwali, akafundwa, kisha akatolewa kwa ngoma. Katika ngoma hiyo yako mambo mawili yanayofaa kutenganishwa. Nje uwanjani ngoma ni ya watu wote. Mpita njia aweza kuingia duarani akacheza, na hapana atakayemwuliza ukoo wake. Ndani ya nyumba nyimbo zina mafumbo, na mafumbo hayo hufunguliwa na kungwi kwa mwali na kwa wanawake waliokwisha kufundwa, wala si kwa mwingine. Kwa hiyo wimbo mmoja waweza kusikiwa na watu mia na kueleweka na watano. Namwomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Mjini Dar es Salaam ngoma za Wazaramo hazikufa kwa kuzungukwa na saruji. Mdundiko uliendelea kuzunguka mitaani ukikokota watu nyuma yake. Sherehe za kumtoa mwali na za harusi ziliendelea kukesha, na katika miaka ya karibuni mikesha hiyo ikapata jina la kigodoro. Jina hilo latokana na godoro, nalo hufafanuliwa kwa namna nyingi, ambazo nyingine hazifai kuandikwa hapa. Wakuu wa serikali wamewahi kupiga marufuku vigodoro kwa ajili ya makelele na kwa ajili ya adabu. Marufuku hizo hazikudumu, kwa kuwa harusi hazikukoma.

Badiliko kubwa la kwanza lilikuwa kinanda. Mapema katika miaka ya 1990 vijana wa mitaa ya Dar es Salaam walianza kutumia vinanda vidogo vya Casio, vilivyotengenezwa kuwa vitu vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na vipaza sauti vilivyochakaa, mara nyingine kwa umeme wa betri ya gari, wakapiga juu yake ngoma za Kizaramo. Muziki huo uliitwa mchiriku. Kikundi cha Jagwa Music cha Mwananyamala ndicho kilichojulikana zaidi nje ya nchi. Santuri yao iitwayo Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Katika mchiriku sauti hukwaruza. Msikilizaji wa kigeni aliipenda kukwaruza kwake. Aliyekodi kikundi kwa harusi ya mwanawe alitaka maneno, yaani visa vya kuchekesha, mawaidha kwa maharusi, majina ya wenye shughuli na masimango kwa majirani.

Singeli ilikuja nyuma ya mchiriku, na hapo kompyuta ikashika nafasi ya kinanda na ya ngoma pia. Katika mwanzo wake, kwa jinsi inavyosimuliwa, mpigaji alikata kipande kifupi cha ala za taarabu, akakirudiarudia na kukikimbiza, na mwimbaji akaghani juu yake usiku kucha. Baadaye wapigaji wakaanza kuunda midundo yao wenyewe. Mwendo wake ni mapigo 200 hata 300 kwa dakika, yaani unaupita kwa mbali mwendo wa dansi ya kawaida. Studio nazo zilikuwa vyumba vidogo mitaani: Sisso alikuwa na yake Mburahati, na Duke akaanzisha iitwayo Pamoja. Hapa pana neno la mtaani linalostahili kuhifadhiwa: vijana husema biti *linakimbia*, wala hawasemi kwamba ni la haraka. Mwendo kwao ni tendo la mdundo wenyewe, si sifa iliyobandikwa juu yake.

Wakati huo Kampala palikuwa na wageni wawili kutoka Ulaya, Arlen Dilsizian na Derek Debru, waliokuwa wakiandaa karamu za muziki. Mwaka 2015 walianzisha tamasha karibu na Jinja, ukingoni mwa mto Nile, nalo wakaliita Nyege Nyege. Nyuma ya tamasha ikazaliwa lebo, Nyege Nyege Tapes, ikitoa kanda na santuri, na baadaye lebo ndogo yake iitwayo Hakuna Kulala. Miongoni mwa kazi za mwanzo za lebo hiyo ilikuwa santuri ya mwaka 2017 ya Otim Alpha wa Gulu, aliyehamisha nyimbo za harusi za Waacholi kutoka katika ala za asili akazitia katika kompyuta. Katika mwaka huo huo ilitoka Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi za studio ya Mburahati. Gulu na Mburahati ni mbali sana, lakini asili ya kazi hizi mbili ni moja, nayo ni shughuli ya harusi.

Jina la tamasha latudai maneno machache. Waandaaji wamelieleza kwa Kiganda kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili, hasa cha pwani, *nyege* ni ashiki ya mwili, na neno hilo halitamkwi mbele ya wakwe. Kampala si mji usiojua Kiswahili. Mwezi wa Septemba 2018, siku chache tu kabla ya tamasha, Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Maadili wa Uganda na ambaye zamani alikuwa padre, alitangaza kulipiga marufuku kwa sababu za uasherati. Marufuku ikaondolewa upesi, na tamasha likafanyika. Mwaka 2022 jambo lilijirudia Bungeni, na Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Katika mwaka huo huo wa 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kutekeleza azimio la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wapenda lugha twaweza kutabasamu: neno la Kiswahili lililozungumzwa kwa bidii kuliko yote nchini Uganda wakati ule halikuwa neno ambalo mwalimu angelichagua kwa somo la kwanza.

Sasa tufike katika onyesho lenyewe. Desturi ya lebo hizi ni kuwa na saa zake katika tamasha, la kwake au la wenyeji wengine, ambamo wasanii wake hupanda mmoja baada ya mwingine chini ya jina la lebo. Msikilizaji haji kwa ajili ya mwimbaji fulani, huja kwa kuiamini lebo, kama vile mtu anunuavyo chai kwa chapa ya pakiti. Katika onyesho la namna hiyo mpigaji wa singeli husimama katikati na kompyuta yake, akikata na kuunganisha papo hapo, na mwimbaji, akiwapo, huzunguka mbele yake akiwachochea watu. Baada ya mwaka 2017 wasanii wa Mburahati waliitwa Jinja, kisha Ulaya, na wengine waliwahi kufanya safari yao ya kwanza nje ya Tanzania kwa njia hii. Zikafuata santuri: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Mateso ya Sisso na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka huo huo. Mwaka 2022 zikaja Sounds of Pamoja, na Mr Mixondo ya DJ Travella.

Atazamaye orodha hii na kuilinganisha na majina yanayotajwa Tanzania ataona jambo la ajabu. Nyumbani, mtu akitaja singeli hutaja waimbaji: Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Hao ndio waliosikika redioni, na maneno yao ndiyo yanayorudiwa na makondakta wa daladala. Aliyetengeneza mdundo hujulikana na wenzake wa kazi. Ugenini mambo yamepinduka: wapigaji wamekuwa mabwana, waimbaji wamekuwa wasaidizi, na sehemu kubwa ya santuri hizo ni midundo isiyo na maneno. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo kwa hila. Lebo iliuza kile ambacho wanunuzi wake wangeweza kukisikia, na wanunuzi hao hawajui Kiswahili.

Hapo ndipo historia ya santuri zetu ilipogeuka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, kampuni ilikuwa ya kigeni na mitambo ilikuwa ya kigeni, lakini mnunuzi alikuwa Mswahili wa Unguja, Mombasa au Lamu, na asingelitoa pesa zake kwa shairi bovu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Salum Abdallah wa Morogoro na bendi yake ya Cuban Marimba, waliorekodiwa na lebo ya Mzuri ya Assanand huko Mombasa: tajiri wa lebo aliangalia faida yake, lakini mizani aliyokuwa nayo dukani ilikuwa sikio la mjuzi wa lugha. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, akiwamo Mbaraka Mwinshehe, walipelekwa Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Bila shaka Wajapani wengi hawakuelewa neno. Walakini bendi ilikwenda kwa jina la nchi yake, ikarudi Morogoro, ikaendelea kutunga kwa watu wa Morogoro; Osaka haikubadili cheo cha mwimbaji ndani ya bendi. Onyesho la lebo lina nguvu zaidi ya ile, kwa sababu huchagua, hurekodi, huuza na huita tena mwaka wa pili. Kijana anayeona kwamba mdundo mtupu humpatia tikiti ya ndege, na maneno humpatia elfu chache za kutunzwa katika kigodoro, hahitaji kufundishwa hesabu.

Huenda mtu akanijibu kwamba maneno ya singeli hayasikiki hata kwa Mswahili, kwa ajili ya kasi, na kwa hiyo hakuna kilichopotea. Hoja hii nimeisikia kwa wasomi wenzangu, nayo ni rahisi kuipima. Tuchukue mapigo 240 kwa dakika, ambayo ni mapigo manne kwa sekunde. Mwimbaji akiweka silabi moja juu ya kila pigo, anatamka silabi nne kwa sekunde. Mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili huenda kiasi cha silabi tano hata nane kwa sekunde. Basi mwimbaji huyu anasema polepole kuliko muuza samaki wa Feri! Hata katika mapigo 300 silabi ni tano tu. Ni pale anapobana silabi mbili katika pigo moja ndipo anapoupita ulimi wa kawaida, na waimbaji hodari hawafanyi hivyo kwa mfululizo. Hukimbia mstari mmoja, wakatua mwingine. Muundo wa lugha huwasaidia, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, na mkazo hujulikana mahali pake. Kinachomzuia msomi asisikie ni vipaza sauti vibovu, na pengine kutotaka kusikia.

Majina ya santuri yenyewe yaonyesha kwamba wapigaji hawa si mabubu. *Uingizaji hewa* ni maneno ya bwana afya, yangetegemewa katika ripoti ya ukaguzi wa majengo. Kuyaweka juu ya muziki uliozaliwa katika vyumba visivyo na dirisha la maana ni kejeli iliyokamilika. *Tatizo pesa* ni sentensi nzima isiyo na kitenzi wala kiunganishi, kama ambavyo watu wa mjini huisema wakikunja mabega. Katika *Poaa* vokali ya mwisho imerefushwa katika maandishi, jambo ambalo tahajia yetu sanifu haina nafasi nayo, ingawa kila msemaji hulitumia. Hata *Hakuna Kulala*, jina lililochaguliwa Kampala, ni Kiswahili kizuri cha mkesha. Lakini kwa msikilizaji wa ng'ambo majina haya yamekuwa kama nakshi mlangoni. Katika mkutano mmoja wa wataalamu wa lugha huko Ulaya, kijana mmoja aliyezijua santuri hizi kuliko mimi aliniuliza kama waimbaji husema lugha au hutoa sauti tu. Hakuuliza kwa dharau. Alikuwa amezisikiliza kwa miaka mitatu.

Nilipokuwa Kisaki kwa kazi ya kukusanya msamiati wa Kikutu, singeli ilikuwapo katika pikipiki na katika banda la kuchajia simu karibu na stesheni, imeletwa kwa kadi za simu na kwa watu washukao katika treni. Niliwauliza mabibi wawili, makungwi wenye sifa, wanaonaje. Mmoja alisema ni makelele. Wa pili alisema, bila kuulizwa zaidi, kwamba hayo ni ya uwanjani. Jibu hili limenisaidia kuliko vitabu kadha, nalo ndilo lile jambo nililoomba lishikwe. Mchezaji wa Jinja au wa Berlin asiyejua neno hata moja hajaivunja desturi ya ngoma. Yuko nje uwanjani, mahali ambapo mgeni amekuwa na haki ya kuwapo siku zote. Sina sababu ya kumlaumu, wala lebo iliyomfungulia uwanja siilaumu kwa hilo. Swali ni la upande wa ndani. Katika unyago wako watu ambao kazi yao ni kuyashika maneno na kuyafungua. Katika singeli, anayeghani mpaka alfajiri huko Tandale hubuni papo hapo, akiyataja majina ya wenye shughuli na visa vya mtaa wiki ile ile. Asubuhi mdundo umo katika kompyuta, na maneno hayamo mahali popote ila katika vichwa vya watu waliolala mchana.

Steere alipokusanya hadithi za Unguja, zilizochapwa mwaka 1870, hakuwauliza wasimulizi wake kama lugha yao ilikuwa safi vya kutosha. Taasisi za Kiswahili zilizokuja baada yake zimehifadhi tenzi, nyimbo za taarabu na za wavuvi. Maneno ya kigodoro sehemu yake kubwa hayajaandikwa. Nashauri yachukuliwe katika shughuli yenyewe, si studioni, kwa idhini ya wenye shughuli na kwa kumlipa mwimbaji, na kila wimbo uandikiwe ulikuwa wa harusi au wa mwali, na nani aliyetunza wakati upi, kwa kuwa mwimbaji hugeuza maneno kwa kumfuata mtoa tuzo. Mwandishi akae karibu na mwimbaji, mbali na vipaza sauti. Kwa upande wa tahajia, maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Mwimbaji akisema *nshakwambia*, lisisahihishwe kuwa *nimekwisha kukuambia*: la kwanza lina silabi tano, la pili lina tisa, na zile nne zilizomezwa ndizo zilizomwezesha kuliwahi pigo.